Ndege za Kivita ni Zetu Pia

Wasee, leo naongea na watu watatu. Wa kwanza ni askari anayeona kijana wa kaskazini akitazama juu, akamweka kwenye orodha ya washukiwa. Wa pili ni mzazi anayenyang'anya mtoto simu kwa sababu amekuta humo picha za jeti. Wa tatu ni wewe shabiki wa ndege uliye Nairobi au Mombasa, unayejua kasi ya kila kitu kinachoruka lakini ukiulizwa Wagalla ni wapi unauliza ni klabu gani. Nyote watatu nina kesi na nyinyi.

Kwanza mnijue. Mimi ni wa Bute, Wajir Kaskazini, zaidi ya kilomita 600 kutoka Nairobi. Napenda ndege za kivita na sioni haya. Naweza kukaa na wewe hadi usiku nikikueleza F-5, ile jeti ambayo jeshi letu la wanahewa limekuwa nayo tangu 1978. Injini mbili ndogo za J85, mwili mwembamba kama mkuki, kasi ya juu karibu Mach 1.6. Kama umeona filamu ya Top Gun ya 1986, zile "MiG" nyeusi za adui zilikuwa F-5 zilizopakwa rangi. Yaani Hollywood ilikuwa inakuonyesha ndugu wa ndege ya Nanyuki na wewe ulikuwa hujui.

Nyumbani kwetu maisha ni ya kawaida kabisa. Asubuhi ni punda na mitungi ya maji. Hooyo anapika anjera, abo ameweka redio kwenye idhaa ya Kisomali, wadogo zangu wanabishana zamu ya mbuzi ni ya nani. Jioni tunapigania chaja. Katikati ya hayo yote kuna ndege. Kakangu mdogo anachonga jeti kwa ndala zilizokatika, na lazima aweke mabawa mafupi, ukimwambia ni Boeing ananuna siku nzima. Dadangu ana miaka 14. Akiwa nje anaosha vyombo, helikopta ikipita mbali, kabla haijaonekana ashasema ni gani. Huey ina panga mbili tu, ndiyo maana inapiga hewa pa-pa-pa unaisikia kutoka mbali. MD 500 ina panga tano, na mlio wake ni mwembamba kama nyuki aliyekasirika. Hakuna aliyemfundisha hayo. Amesikiliza tu, akalinganisha, akakumbuka. Mtoto wa hivyo shuleni anaitwa mwanasayansi.

Lakini binamu yangu, kwa kitu hicho hicho, aliitwa jina lingine. Alisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani, mahali nitapaacha bila jina. Simu ikakaguliwa. Wakakuta picha za F-5 alizopakua mtandaoni, picha ambazo yeyote mwenye bando anaweza kuziona. Akaulizwa ametumwa na nani. Saa tatu amekaa kwenye jua akieleza kwamba hakutumwa na mtu, anapenda tu ndege.

Sasa nikumbushe kitu. Tarehe 18 Aprili 2024 Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi, rubani aliyerusha F-5 enzi zake, alikufa kwenye ajali ya helikopta aina ya Huey kule Elgeyo Marakwet pamoja na wengine tisa. Ilikuwa msiba wa nchi nzima. Wiki hiyo kila mtu mtandaoni akawa mtaalamu wa Huey: umri wake, injini yake, matengenezo yake. Kuna aliyeulizwa ametumwa na nani? Hakuna. Maswali ya Huey yakitoka Kasarani ni uzalendo. Yakitoka Bute ni upelelezi.

Najua sheria. Kupiga picha kambi ya jeshi bila ruhusa ni kosa, na simshauri mtu afanye hivyo. Hapa sizungumzii kamera mbele ya geti. Nazungumzia mtoto kusoma, kuchora, kusikiliza na kuuliza. Uingereza wana vikosi na siri kushinda sisi, na bado kila Julai familia hujazana kwenye kambi ya Fairford kutazama maonyesho ya jeti. Kule Wales watu hukaa mlimani na kamera ndefu wakipiga picha jeti zikipita bondeni chini yao. Nchi yao haijaanguka.

Hata sisi tumefanya. Mei 2022 KDF waliandaa maonyesho ya ndege pale Uhuru Gardens, Nairobi. Umati ulifurika, watoto wakabebwa mabegani, F-5 zikapita juu yao. Nilitazama kwa simu, video ikikwama kila dakika. Nikajiuliza: Wajir kuna uwanja wa kijeshi, wenye njia ndefu ya kurukia ndege. Mbona watoto wanaoishi karibu nao hawajui hata harufu ya mafuta ya jeti, na wa Nairobi wanaalikwa? Nairobi waalikwe, sawa kabisa. Na sisi tualikwe.

Nikigeukia wazazi, nitaongea kwa heshima, maana hofu yenu ina mizizi na mizizi yenyewe naijua.

Hooyo ni mzaliwa wa pande za Wajir mjini. Ayeeyo, mamake, ukitaja uwanja wa ndege anabadilisha mada. Kwa miaka sikuelewa. Kwa wasiojua: Februari 1984 vikosi vya serikali vilikusanya wanaume wa Degodia na kuwapeleka kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir. Walivuliwa nguo, wakawekwa juani siku kadhaa bila maji wala chakula, kisha wengi wakauawa. Serikali ya wakati ule ilikiri watu 57. Manusura wanahesabu kwa maelfu. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyotoka 2013 iliyaandika hayo. Kwa hiyo Mkenya mwingine akisikia "uwanja wa ndege" anafikiria safari. Ayeeyo anafikiria wanaume ambao hawakurudi nyumbani.

Mzazi, ukimwambia mtoto wako "achana na hizo ndege", nakuelewa. Lakini angalia unachofanya. Ulichomnyima ni jina na picha tu. Ndege zenyewe bado zinapita juu ya paa lako. Hatajua ni za nani, zinaenda wapi, nani anazirusha na kwa amri gani. Mtoto asiyejua kinachopita juu yake ataogopa tu, na sisi tumeogopa vya kutosha. Mkalishe chini umweleze Wagalla. Mwachie na kitabu cha ndege. Vyote viwili vinamtosha kichwani.

Halafu si kila ndege ya jeshi hubeba bomu. Aprili 2006, ndege ya jeshi letu aina ya Y-12 ilianguka karibu na Marsabit na kuua watu 14. Humo walikuwemo wabunge wa kaskazini, Bonaya Godana mmoja wao. Walikuwa wanaenda kwenye mazungumzo ya amani, mwaka mmoja haujaisha tangu mauaji ya Turbi ya Julai 2005. Viongozi wetu walikufa ndani ya ndege ya kijeshi wakitafuta amani yetu. Hiyo ni historia yetu pia, nani anatufundisha?

Sasa nyinyi mashabiki wenzangu. Nawapenda, lakini wengi wenu mnaongea vita kama mchezo wa PlayStation. Oktoba 2011 Kenya ilipoingia Somalia kwa operesheni ya Linda Nchi, mlikuwa mnashangilia F-5 "zikifanya kazi". Tarehe 30 mwezi huo kambi ya wakimbizi wa ndani kule Jilib ilipigwa kutoka angani. Madaktari Wasio na Mipaka walisema waliokufa ni angalau watano na majeruhi 45, wengi wao watoto. Jeshi letu lilisema lililenga Al-Shabaab. Mimi nina watu wa ukoo upande ule wa mpaka, kama familia nyingi za huku. Siwezi kusoma uzito wa bomu na kuacha kuuliza liliangukia wapi. Ukijua upana wa bawa la jeti na hujui jina la kijiji kilichokuwa chini yake, umesoma nusu ya ukurasa.

Kuna hadithi moja kila shabiki anapaswa kuijua kabla ya takwimu zote. Tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa ngazi za chini wa jeshi la wanahewa walijaribu kupindua serikali. Kule Nanyuki, marubani walilazimishwa kwa bunduki waingie kwenye ndege wakalipue Ikulu na kambi ya GSU. Waliruka. Wakaenda kudondosha mabomu kwenye msitu wa Mlima Kenya, wakarudi. Fikiria Nairobi ingekuwaje siku ile kama waliokaa kwenye vile viti wangekuwa watu wengine.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Ndege haina huruma wala akili. Huruma na akili viko kwa anayeketi ndani. Nchi ikitaka rubani ambaye akiona mahema chini anajua ni ya nani, anajua mifugo ikikusanyika kisimani maana yake nini, anatofautisha harusi na msafara wa wapiganaji, atoke wapi? Atoke huku. Anaosha vyombo nje huko Bute na anataja helikopta kwa mlio.

Lakini mnamtoaje? Kuruka kunataka hesabu na fizikia. Baada ya mashambulizi ya magaidi, na hasa mwaka 2020 walimu walipouawa Kamuthe kule Garissa, walimu wengi wasio wenyeji walihamishwa kutoka kaskazini mashariki. Nani amlaumu mwalimu kwa kuogopa kufa? Lakini mtoto aliyebaki na ubao mtupu atapasi fizikia kwa dua pekee? Februari 2025 Rais alikuja Wajir akafuta msasa wa ziada wa vitambulisho kwa watu wa kaunti za mpakani. Vizuri. Karatasi imefutwa, jicho bado halijafutwa. Binamu yangu ana kitambulisho, na juani alikaa.

Na mtu asiniambie dadangu hawezi kwa sababu ni msichana. Mei 2024 jeshi la wanahewa la Kenya liliwekwa chini ya Meja Jenerali Fatuma Gaiti Ahmed, mwanamke wa kwanza kuongoza tawi lolote la jeshi nchini. Dadangu alipoona ile picha hakusema kitu. Aliihifadhi kwenye simu ya hooyo, na hooyo hajaifuta mpaka leo.

Kwa hivyo naomba vitu vitatu, na si vikubwa. KDF, fungueni geti la Wajir siku moja tu kwa mwaka. Leteni helikopta moja, rubani mmoja, mikrofoni moja, na mwacheni mtoto wa darasa la saba amuulize chochote, hata Wagalla. Wazazi, rudisheni simu, na mtupe zile hadithi mnazozikatisha tukiingia chumbani. Mashabiki, ukiposti jeti inayopiga, tafuta pia ilipiga wapi na uandike.

Wa huku kaskazini mnaojua Huey kwa mlio, jitokezeni kwenye komenti tuhesabiane. Na askari, kama unasoma hii, karibu pia. Uliza chochote. Hakuna aliyenituma.