Chuo Hakihifadhiwi kwa Wingi wa Bunduki

Kila inapotajwa Garissa, hutokea watu wenye nia safi wakasema ya kwamba dawa ni moja tu: walinzi wa vyuo wapewe bunduki, na polisi wenye silaha wakae ndani ya nyua za vyuo usiku na mchana. Maneno hayo husikizwa sana kwetu Likoni, Kisauni na Changamwe, ambako watoto huondoka majumbani alfajiri, huyu kwa feri na yule kwa matatu ya kupitia Makupa, kwenda kutafuta ilimu Tudor au Kilifi au mbali zaidi. Rai hiyo naistahi kwa kuwa imezaliwa na msiba; walakini siikubali, na hoja zangu nazitoa katika tarikhi yetu wenyewe.

Tarehe 2 Aprili 2015, wakati wa alfajiri, watu 4 wa Al-Shabaab waliingia chuo cha Garissa, wakawaua walinzi wa langoni, kisha wakaendea mabwenini, na hata jua lilipokuchwa roho 148 zilikuwa zimeshapotea, 142 miongoni mwao za wanafunzi. Bunduki hazikuadimika katika mji ule wenye kambi ya jeshi, wala maonyo hayakuadimika, kwani siku chache kabla Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimekwisha kuwatahadharisha wanafunzi wake. Kilichokosekana ni amri ya haraka. Kikosi cha polisi cha Recce, ambacho ndicho kilichofunzwa kazi ya kukabili mashambulizi kama hayo, kilisubiri Nairobi saa nyingi kabla ya kusafirishwa, ilhali watoto walikuwa wakiuawa mmoja baada ya mmoja. Na kilipowasili na kuingia bwenini, shughuli ikamalizika kwa muda mfupi. Mwenye kudai kwamba bunduki mbili tatu zaidi langoni zingaliwaokoa hana budi kwanza atujibu juu ya saa zile.

Tena khofu yenyewe huua. Siku 10 baada ya Garissa, katika tawi la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi, transfoma ya umeme ililipuka kabla ya mapambazuko; wanafunzi wakadhani wamevamiwa, wakajirusha kutoka ghorofani, mmoja akafa na zaidi ya 100 wakaumia. Tarehe 30 Novemba mwaka huo huo, chuo cha Strathmore kilifanya zoezi la usalama kwa milio ya bunduki bila ya watu wote kuarifiwa, na mfanyakazi mmoja akafariki kwa kuruka ili kujiokoa. Hapakuwa na adui siku zile mbili.

Na bunduki ikishaingia chuoni, itamwelekea nani? Septemba 2017 polisi waliingia Chuo Kikuu cha Nairobi wakawapiga wanafunzi hata ndani ya madarasa na mabweni. Februari 2018, huko Meru, kiongozi wa wanafunzi aliuawa kwa risasi siku ambayo wenziwe walikuwa wakilalamikia karo na hali ya masomo. Kijana aliyetoka Kisauni na ada ya kuungaunga, ambayo mamake ameikusanya kwa kuuza mahamri na mbaazi, hastahili kukabiliwa na mtutu kwa kuuliza kwa nini karo imepanda.

Najua nitajibiwa ya kwamba adui si wa mbali. Ni kweli: Oktoba 2017, hapo Ukunda, wanawake wawili wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa waliuawa kwa risasi wakiwa garini. Lakini sisi wa Likoni tunakumbuka vile vile usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, pale wavamizi walipokivamia kituo cha polisi, wakaua askari na kuchukua bunduki zilizokuwamo, na kwa silaha hizo hizo wakaendelea kuwatesa majirani zetu. Ikiwa kituo cha polisi hakikuweza kuzihifadhi bunduki zake, mlinzi wa usiku mwenye mshahara duni atazihifadhi vipi?

Huko Marekani, jimbo la Texas liliruhusu wenye leseni kubeba bastola zilizofichwa katika vyuo vikuu vya umma tangu tarehe 1 Agosti 2016, siku iliyotimia miaka 50 kamili tangu mtu mwenye bunduki alipopanda mnara wa chuo cha Austin akawamiminia watu risasi. Taifa lenye silaha tele kama lile lingali likiwazika wanafunzi wake, na sioni la kuigwa huko.

Basi nawaomba wabunge wetu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, pamoja na mabaraza ya vyuo, waidai serikali mambo yenye manufaa: kikosi cha dharura kilichofunzwa, chenye makao hapa Pwani na ruhusa ya kuondoka bila kungojea Nairobi, mabweni yenye mlango wa pili usiofungwa kwa kufuli, maonyo yatolewe kwa wanafunzi siku yapokewayo, na polisi wakatazwe kuingia chuoni na risasi za moto kwa sababu ya mgomo. Nao wazazi, wakati wa kura utakapowadia, wamwulize kila mgombea amefanya nini katika hayo.