Grafu Yako Haijawahi Kuona Waya

Jamani, nimechoka kuonyeshwa grafu. Juzi tena: kijana msomi, slaidi maridadi, mistari yote inashuka hadi sufuri, halafu anatangaza ati mfumo wa kudhibiti mwelekeo wa setilaiti yao umeshapimwa. Umepimiwa wapi? Ndani ya tarakilishi yake. Na nani? Na yeye mwenyewe aliyeuandika!

Kwa wasioifahamu kazi hii: setilaiti ndogo ikishaachiliwa angani huzunguka hovyo kama pia. Dawa ya bei nafuu ni koili za waya. Ukipitisha umeme zinakuwa sumaku, zinashindana na usumaku wa Dunia, na mzunguko unapungua. Hesabu yake ni mstari mmoja: magnetomita inapima usumaku unavyobadilika, koili zinasukuma kinyume. Hilo "kinyume" ni alama moja ya kutoa. Ikigeuka ikawa ya kujumlisha, mtambo uleule unaongeza kasi.

Mnadhani natia chumvi? TERRIERS, setilaiti ya Chuo Kikuu cha Boston, ilirushwa Mei 18, 1999 na kufika kwenye obiti. Alama ya koili moja ilikuwa imekosewa. Ikashindwa kuelekeza paneli zake kwenye jua, betri zikaisha, basi. Miaka ya kazi ya watu ilizimwa na kosa la darasa la saba.

Nami si mtakatifu. Nikiwa chuoni tulitengeneza bodi ya majaribio, na nyaya za koili moja nikazichomeka kinyume. Simulesheni ilipita usiku kucha. Ingekosaje kupita? Ni mimi niliyeiambia nyaya ziko sawa. Nilijitungia mtihani, nikausahihisha, nikajipa A. Aliyenisuta ni dira ya kawaida: niliwasha koili, sindano ikageukia upande usiofaa.

Najua mtasema hatuna pesa za maabara. Meza ya kuelea juu ya hewa ni ghali kweli, na ina kazi yake. Lakini kujua koili inavuta upande gani kunahitaji dira, betri na alasiri moja. (Na tukiwa hapo: mezani Nairobi usumaku wa Dunia ni chini ya maikrotesla 35, London karibu 49. Magnetomita ikikusomea 49 hapa nyumbani usishangilie, tafuta chuma kilicho karibu.)

Kenya imeshapeleka 1KUNS-PF mwaka 2018 na Taifa-1 mwaka 2023. Zinazofuata zitatakiwa kupiga picha za mashamba na mito, na kamera isiyojua chini ni wapi itatuletea picha za giza. Huko juu hakuna fundi wa kwenda kubadilisha nyaya.

Kwa hivyo wewe kijana wa slaidi, na unajijua, ukirudi na ile grafu njoo pia na video ya dira, koili ikiwaka na kuzimwa, mhimili mmoja mmoja. Nitakaa kiti cha mbele.