Staa, Paka Wako Hakukuomba Kamba wa Thomu

Wadau, leo jina silitaji. Nyie mnamjua, mimi namjua, na paka wake namjua pia: mweupe, manyoya kama pamba, ana wafuasi wengi kuliko mimi na wewe tukijumlishwa.

Staa wetu kaja kupumzika Pemba, karibu sana. Kajirekodi barazani na sahani ya kamba wa kukaanga. Thomu inaonekana, vitunguu vinang'aa, pilipili manga juu. Kamwekea paka. Halafu maneno yake sasa: eti paka wangu hali vya paketi, huyu ni mtoto wa bahari, kila siku kamba, ngisi au jodari. Chini mioyo myekundu mpaka simu inapata moto.

Watu wamegawana kambi mbili. Kambi moja, malkia unajua kupenda. Kambi nyingine, watoto wa watu wanakula muhogo mkavu, wewe unamlisha paka kamba, laana hiyo.

Nianze na hawa wa laana. Jamani, hapana. Huku kwetu paka kula samaki si mambo ya mastaa. Bibi zetu wakipara samaki uani, paka kakaa pembeni anasubiri chake, na hakuna aliyesema ni israfu. Paka wa nyumba haingwa, wazee walishamaliza. Kamba wawili wa paka hawajamfukarisha mtu. Mkitaka kugombea bei ya kitoweo, mlango wa kugonga si wa paka.

Ugomvi wangu ni na hawa wa mioyo myekundu. Nyie ndio mtakaomuiga.

Kwanza hiyo thomu. Vitunguu vya aina zote, maji, thomu, majani, vinaharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Vibichi, vilivyopikwa, hata ule unga uliomo kwenye viungo vya paketi. Paka anaishiwa damu pole pole, wewe unasema leo kachoka, kumbe unammaliza kwa mapishi.

Pili hiyo "kila siku". Hapa nitajisema mwenyewe, maana na mimi nilikuwa mjinga wa klipu. Nilikuwa na paka, Sultani. Niliona video kama hizi nikaanza kumpa dagaa wabichi asubuhi na jioni. Rahisi, anafurahi, na watu wanalaiki. Baada ya wiki kadhaa kaanza kususa chakula. Halafu akitembea anayumba kama katoka kwenye boti. Mwisho kichwa kimeinama, kidevu kinagusa kifua, hawezi kukiinua. Nikasema karogwa. Wallahi nilisema karogwa.

Bwana mifugo aliponiuliza anakula nini, nikamjibu kwa kujisifu. Akatikisa kichwa. Akanieleza kuwa baadhi ya samaki wakiwa wabichi, na ngisi vile vile, wana kitu kinachovunja vitamini B1. Ukimpa paka mara moja moja haina neno. Ukimfanyia ndio chakula chake, ubongo na mishipa ya fahamu inakosa ile vitamini. Ukichemsha, kile kitu kinakufa. Yaani sufuria tu na dakika chache! Sultani alichomwa sindano za vitamini, akapona. Ningechelewa, nisingekuwa na paka wa kumsimulia.

Na jodari wa kila siku naye ana yake. Paka anayeishi kwa jodari mtupu muda mrefu anaishiwa vitamini E, mafuta ya mwilini yanavimba, mpaka ukimgusa tu analia. Utadhani kakasirika, kumbe anaumwa.

Najua mtaniambia: mbona paka wa diko la Tumbe wanakula samaki maisha yao yote na wako hai? Swali zuri. Kwanza, umewahi kuwahesabu wazee pale? Pili, paka wa diko anakula utumbo wa samaki asubuhi, jioni panya, usiku mjusi, kesho panzi. Anachanganya mwenyewe. Wa staa kafungiwa chumbani na feni, hana pa kwenda. Sahani yako ndiyo dunia yake nzima.

Tumesoma wote madrasa ile hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Kosa lake lilikuwa kumfungia: hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutia wadudu wa ardhini. Ukishafunga mlango, dhamana ni yako. Na kumjaza tumbo kwa kitu kinachomuumiza sikuoni kuwa ndiyo kulisha.

Kuna mmoja kaandika eti kitu cha bahari hakina madhara. Wewe, uko Pemba hii hii? Machi 2024, Kisiwa Panza, walikufa watu 9 kwa kula nyama ya kasa, 8 kati yao watoto. Bunju naye ana sumu, tena kupikwa hakuiondoi. Wala usije na ile ya "mpe paka kwanza tuone". Paka si maabara yako.

Basi samaki apewe vipi? Kama zawadi. Kipande kidogo, kimechemshwa kwa maji matupu, bila chumvi, bila kiungo, miba imetolewa, kamba kamenywa ganda. Mara moja au mbili kwa wiki inatosha. Kanuni wanayoifuata madaktari wa wanyama ni kwamba vya kuonjeshwa visizidi asilimia 10 ya chakula cha siku. Kinachobaki ni chakula chake kamili. Kama vya paketi huwezi kumudu, na wengi hatuwezi, mbadilishie: kuku, nyama, maini kidogo, na umuulize bwana mifugo kabla ya kuniuliza mimi.

Staa, sikuchukii. Paka wako mzuri na kamba wako wazuri. Lakini ile sahani ulimpikia nani? Paka hajui thomu wala idadi ya watazamaji. Ulitupikia sisi, yeye ukamfanya meza. Ukizima kamera sisi tunahamia klipu nyingine, na yeye anabaki na tumbo lake.

Rekodi nyingine basi. Kamba mmoja, wa kuchemsha, bila kitu. Haitapata mioyo mingi. Mimi nitaweka wa kwanza.

Haya, uwanja wenu hapo chini. Nani ashawahi kumuugulisha paka wake kwa mapenzi? Semeni kweli, mimi nishasema yangu.