Bakteria aliyelala hafi, acheni nusu dozi

Vijana wengi mjini hawaendi hospitali. Koo likiwasha, wanapitia kemisti, wanaitisha amoxicillin za Sh50, wanameza siku mbili, wakisikia nafuu zilizobaki zinaachwa kwa droo. Mwezi ujao rafiki akikohoa anagawiwa. Sheria inataka cheti cha daktari, lakini ni nani huulizwa?

Amoxicillin haiui bakteria kama sumu ya panya. Huvuruga ujenzi wa ukuta wake wakati anapokua na kugawanyika. Yaani dawa humpata akiwa kazini. Aliyelala, asiyekua wala kujenga, huponea.

Jambo hili si geni. Mwaka wa 1944, Joseph Bigger, mtaalamu wa bakteria kutoka Ireland, aliona penicillin ikiua karibu bakteria wote, ila wachache wakabaki. Walipozaana, kizazi chao kiliuawa na dawa ileile. Hawakuwa sugu, walikuwa wametulia tu. Ukiona simba amenyeshewa, usimdhanie paka.

Waliolala ni sababu mojawapo ya tiba ya kifua kikuu kuchukua kwa kawaida miezi sita, ilhali kikohozi hupungua mapema. Mwaka wa 2011, watafiti nchini Marekani walionyesha kuwa sukari fulani ikiongezwa kwa gentamicin, bakteria waliotulia hupata nguvu, hufyonza dawa na kufa. Hayo ni ya watafiti, kwa hivyo usikimbilie kumeza dawa na soda!

Na mafua je? Hayo huletwa na virusi. Virusi havijengi ukuta wala havina shughuli zao wenyewe za kuvurugwa. Hapo antibiotiki ni pesa kutupwa.

Najua mtasema kumwona daktari ni ghali. Kweli, na serikali haina budi kuleta kliniki za bei nafuu mitaani kabla ya kutulaumu. Lakini nusu dozi nayo si rahisi. Waliolala wakiamka utanunua tena, na kila wanapozaana ni nafasi nyingine ya kuzuka bakteria sugu kabisa, ambaye hataishia kwako. Atapanda matatu nawe.

Mwenye kemisti, acha kupima vidonge kama njugu. Nawe kijana, meza kwa siku ulizoandikiwa na daktari, si kwa siku ulizosikia vibaya. Nafuu ni yako, bakteria hajasema amekufa.