Mgeni njoo, lakini je, mwenyeji anapona?

Methali isemayo "mgeni njoo, mwenyeji apone" imekaririwa mno katika hotuba za utalii humu nchini hata imekuwa kama kiitikio cha wimbo. Hoteli inapofunguliwa, husemwa. Sherehe za utamaduni zinapozinduliwa, husemwa tena. Nadra mno mtu akasimama kuuliza iwapo huyo mwenyeji kweli amepona. Leo nataka kuliuliza swali hilo, na ili tulione vizuri ninawaomba walimu na wanafunzi wa historia tusafiri kidogo kimawazo hadi mji wa Brighton, ulioko ufuoni kusini mwa Uingereza, takriban kilomita 75 kutoka London. Mji huo umeishi kwa wageni kwa zaidi ya miaka 250, na una kasri la kifalme ambalo mfalme wake hayuko tena. Naamini yapo mengi ambayo Malindi, Mombasa na Lamu zinaweza kujifunza kwake, mema na mabaya.

Mwanzoni mwa karne ya 18 Brighton ilikuwa kijiji cha wavuvi kilichodhoofishwa na dhoruba. Kilichouinua ni imani ya tiba. Mwaka 1750 daktari mmoja wa mji jirani wa Lewes, Richard Russell, alichapisha kitabu kilichodai kwamba maji ya bahari huponya maradhi ya tezi, kwa kuyaoga na hata kwa kuyanywa! Matajiri wa London wakaanza kumiminika. Wavuvi wakageuka wapangishaji wa vyumba, na wanawake wenye nguvu wakajipatia riziki kwa kuwazamisha wageni majini. Mmoja wao, Martha Gunn, alipata umaarufu mkubwa, na kaburi lake lingalipo katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Nicholas mjini humo.

Mwaka 1783 alifika mgeni aliyeubadilisha mji huo moja kwa moja. Huyo alikuwa George, mwana wa mfalme, kijana wa miaka 21 aliyependa anasa, muziki na kamari. Nyumba aliyoipanga hapo ilipanuliwa mwaka 1787 na msanifu Henry Holland. Kisha, kuanzia mwaka 1815, msanifu John Nash aliigeuza kuwa kasri la ajabu, akitumia nguzo na mihimili ya chuma cha kusubu, jambo lililokuwa geni wakati huo. Nje kuna makuba na minara mithili ya majumba ya India. Ndani kuna mapambo ya mtindo wa Kichina, na katika ukumbi wa karamu taa kubwa ya vioo inaning'inia kutoka katika kucha za joka. Mwenye kasri hakuwahi kukanyaga India wala China, na msanifu wake vivyo hivyo. Waliijenga India ya picha na ndoto, katika zama zile zile ambazo kampuni ya Kiingereza ilikuwa ikiitawala na kuikamua India ya kweli. Madeni makubwa ya mwana huyo wa mfalme, yaliyotokana na ujenzi na anasa nyinginezo, yalifikishwa Bungeni zaidi ya mara moja ili yalipwe. Kwa maneno mengine, kasri lilikuwa la mtu mmoja lakini gharama ilikuwa ya wengi.

Hata hivyo, sehemu ya historia hiyo ninayoiona kuwa muhimu zaidi ilianza baada ya kifo cha mwenye kasri mwaka 1830. Malkia Victoria hakuupenda mji huo. Reli kutoka London ilipofika mwaka 1841 ilileta umati wa watu wa kawaida, naye malkia akakosa faragha. Alilala katika kasri hilo kwa mara ya mwisho mwaka 1845. Vyombo, mapambo na hata meko za marumaru zikang'olewa na kupelekwa katika makasri mengine, na ukapangwa mpango wa kuliuza na kulibomoa jengo lenyewe. Wenyeji wangeweza kunyamaza. Wengine kwa hakika walitaka libomolewe, wakiliona kuwa mzigo kwa walipa kodi wa mji. Baada ya mabishano makali na kura iliyopita kwa shida, mji ulilinunua kasri mwaka 1850 kwa pauni 53,000. Likawa mali ya umma.

Ningependa wanafunzi walitafakari tendo hilo. Wenyeji hawakulinunua kasri ili watalii walipige picha. Walilinunua wapate kumbi za dansi, za mikutano na za maonyesho. Mazizi ya farasi wa mfalme, yenye kuba kubwa ajabu, yakawa ukumbi wa muziki. Ni humo ambamo kundi la ABBA kutoka Uswidi lilishinda shindano la nyimbo la Ulaya mwaka 1974. Jengo jingine la mazizi hayo likawa makumbusho na maktaba. Mwaka 2015, makumbusho hayo yalipoanza kutoza kiingilio, wakazi wa mji waliachwa waingie bure. Mgeni alikaribishwa, ila mwenyeji alikwisha kuketi. Hapana shaka hii ndiyo sababu kubwa iliyolifanya kasri hilo lidumu: kila kizazi cha wenyeji kilipata kazi ya kulipa.

Kazi nzito kuliko zote ililifikia wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Kuanzia Desemba 1914 hadi mwanzoni mwa mwaka 1916 kasri pamoja na ukumbi wake yalikuwa hospitali ya askari wa Kihindi waliojeruhiwa Ufaransa na Ubelgiji. Vitanda vilipangwa chini ya yale majoka. Jikoni tisa zilitengwa ili dini na desturi za wagonjwa ziheshimiwe. Agosti 1915 Mfalme George wa Tano alifika hapo kumvisha Mir Dast, aliyekuwa ameumizwa na gesi ya sumu, nishani ya juu kabisa ya ushujaa. Wahindu na Masingasinga 53 waliofia katika hospitali za mji huo walichomwa kwa mujibu wa dini zao katika vilima vya karibu, ambapo tangu mwaka 1921 umesimama mnara wa marumaru nyeupe uitwao Chattri. Waislamu walizikwa Woking, karibu na msikiti.

Lakini tusidanganywe na picha nzuri. Serikali ilizisambaza picha za hospitali hiyo ili Wahindi waamini kwamba dola linawajali, huku barua za wagonjwa zikikaguliwa na uhuru wao wa kutembea mjini ukibanwa. Ukarimu na hila vililala kitanda kimoja. Mwalimu anayefundisha somo hili hana budi kuyaeleza yote mawili, kwani historia inayosimuliwa upande mmoja ni tangazo la biashara.

Yupo pia Mhindi mwingine ambaye kila mwanafunzi wa lugha angefaa amjue. Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna mwaka 1759, alikuwa Mhindi wa kwanza kuchapisha kitabu kwa Kiingereza, mnamo mwaka 1794. Alipohamia Brighton alifungua bafu la mvuke na kuwakanda wagonjwa viungo kwa ufundi wa kwao, akawa mkandaji rasmi wa wafalme wawili. Neno alilolitumia kuutangaza ufundi huo, lenye asili ya Kihindi na maana ya kukanda, ndilo tunalolijua leo kama shampuu. Nyuma ya makuba ya India ya kubuni alikuwako Mhindi halisi, mwenye kazi, mke na watoto, aliyefia katika mji huo mwaka 1851.

Nilipoutembelea mji huo miaka iliyopita, niliona ufuoni jambo lililonifundisha zaidi ya kasri lenyewe. Kuna mabaki ya gati la burudani la magharibi, lililofunguliwa mwaka 1866, likafungwa mwaka 1975 kwa kukosa matunzo, kisha likaanguka sehemu mwaka 2002 na kuungua mara mbili mwaka 2003. Limebaki mifupa ya chuma katikati ya mawimbi. Nchi kavu, mbele ya mifupa hiyo, ulijengwa mnara wa kutazamia mandhari wenye urefu wa mita 162, ukafunguliwa mwaka 2016 kwa mkopo uliopitia baraza la mji. Wageni waliotarajiwa hawakufika kwa wingi uliotabiriwa. Mwaka 2024 kampuni iliyouendesha ilifilisika na kuuacha umma wa mji na deni la mamilioni ya pauni. Kwa hiyo nisidhaniwe kuwa ninawasifu Waingereza kwa kila jambo. Mji ule ule uliofanya busara mwaka 1850 ulijiponza katika zama zetu. Tofauti naiona hivi: kasri lilinunuliwa kwa mahitaji ya wenyeji, mgeni akafuata, mnara ulijengwa kwa hesabu ya mgeni, mwenyeji akaachiwa deni.

Sasa turudi nyumbani. Malindi ulikuwa mji wa wafalme kabla Brighton haijasikika popote. Mfalme wake ndiye aliyempokea Vasco da Gama mwaka 1498. Karibu nayo, Gede ina magofu ya kasri, misikiti na visima, na mwaka 2024 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, nayo ilipitia kazi nyingi. Waingereza waliigeuza gereza hadi mwaka 1958. Hatuna upungufu wa vivutio. Upungufu wetu ni wa wenyeji ndani yake. Niliwahi kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya pwani iliyo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka katika magofu mashuhuri. Nilipouliza ni wangapi wamewahi kuingia, mikono mitatu tu ndiyo iliyoinuka. Mmoja akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, kule ni kwa watalii." Maneno hayo yalinichoma moyo, kwa maana mtoto yule hakuwa anakosea. Alikuwa ameusoma mji wake sawasawa.

Zaidi ya hayo, kuna swali la majina. Askari wa Kihindi hawakupelekwa Ulaya tu. Novemba 1914 wengine walipigwa na Wajerumani huko Tanga, na wengine wengi walipita Mombasa wakielekea Taveta. Pamoja nao walikwenda Waafrika wasiohesabika waliobebeshwa mizigo ya jeshi, ambao kikosi chao kimeacha jina lake katika mtaa wa Kariokor, Nairobi. Wale 53 wa vilima vya Brighton majina yao yalichongwa katika jiwe mwaka 2010. Wapagazi wetu je? Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri, na ikaomba radhi, kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu tatu za shaba katika barabara ya Kenyatta zinawawakilisha wote, na maelfu huzipita kila siku wakikimbilia matatu bila kuzitupia jicho.

Basi tufanyeje? Wapo watakaosema kwamba nchi yenye uhaba wa madarasa haina nafasi ya kushughulikia magofu. Mimi sikubaliani nao, maana gofu lililo karibu na shule ni darasa lililokwisha kujengwa. Walimu wa historia na Kiswahili wanaweza kuanza bila kusubiri waraka wa wizara. Wawapeleke wanafunzi katika jengo la kale lililo karibu, liwe ngome, msikiti, stesheni ya reli au soko, na wawape maswali manne: Nani alilijenga kwa mikono yake? Nani aliligharimia? Linawafaa nini wanaoishi kando yake leo? Na jina la nani halikuandikwa ukutani? Majibu watayapata kwa wazee wa mtaa, wala hakuna kitabu cha mtihani kitakachowapa. Nazo serikali za kaunti na wasimamizi wa makumbusho watenge walau siku moja kila muhula ambayo watoto wa wenyeji wataingia bila kulipa hata senti.

Watalii wana haki ya kuja, na fedha zao zina faida, sizikatai. Ila mgeni ni mtu wa kupita. Vita vikizuka au maradhi yakienea, kama tulivyoshuhudia mwaka 2020, hoteli hufungwa na ufuo ukabaki mtupu. Siku hiyo atakayebaki kuyatazama magofu ni yule mtoto aliyeambiwa kuwa si yake. Asipokuwa amewahi kuingia ndani, hatakuwa na sababu ya kuyalinda, na mwenye kutaka mawe ya kujengea ukuta wake atayachukua bila ya kuulizwa na mtu. Mwacha mila ni mtumwa, walisema wahenga. Lakini mtoto huyu hakuacha chochote. Sisi wakubwa ndio tuliomfungia mlango, na ni juu yetu kuufungua.