Eti Kiha hakiwezi falsafa?

Nimechoka na wasomi wenzangu wa hapa Kigoma wanaosema Kiha ni lugha ya kuulizia bei ya dagaa tu, eti falsafa ina lugha zake. Zipi? Watakutajia Kigiriki, Kilatini na Kijerumani. Haya, twende hukohuko kwenye Kilatini.

Mwanzoni mwa karne ya 14 kulikuwa na mwalimu mmoja mjini Erfurt, Ujerumani, aitwaye Thomas. Alikuwa wa kundi la wanazuoni walioitwa Modistae. Hoja yao ilikuwa hivi: maneno hubeba maana kwa kufuata jinsi akili inavyoelewa, na akili hufuata jinsi vitu vilivyo. Kwa hiyo ukichambua sarufi unaugusa ulimwengu wenyewe. Sarufi ipi? Ya Kilatini, bila shaka! Kitabu chake kilidhaniwa kuwa cha Duns Scotus. Hata Martin Heidegger alikiandikia tasnifu mwaka 1915 akiamini hivyo, mpaka Martin Grabmann alipoonyesha mwaka 1922 kuwa ni cha Thomas.

Sasa rudi kwetu. Mwaka 1956 padri Alexis Kagame wa Rwanda alichapisha kitabu kinachotumia Kinyarwanda kueleza aina za vyote vilivyopo: umuntu, chenye akili; ikintu, kisicho na akili; ahantu, mahali na wakati; ukuntu, namna. Mha wa Kasulu hahitaji mkalimani hapo. Wakosoaji wakamjia juu: huwezi kuchota falsafa kwenye sarufi ya lugha moja!

Sawa, nakubali. Kwa Kiswahili kipofu na kiziwi wana ki- kama kiti na kisu, na hakuna mwenye akili timamu anayesema wao ni vitu. Lakini Thomas naye alifundisha kwamba jinsia ya kiume katika nomino inaonyesha kitu kinachotenda, na ya kike kitu kinachotendwa. Kilatini kina lapis, jiwe, la kiume, na petra, jiwe au mwamba, la kike. Jamani, mawe ya ufukwe wa Ujiji yapi yanatenda na yapi yanatendwa?

Kosa ni lilelile. Ila mmoja tunamwita mwanafalsafa, mwingine tunamwita mpenda mila. Huo ni utumwa wa akili, si usomi. Ama wote wawili ni wanafalsafa waliokosea pazuri, ama hakuna hata mmoja.

Mimi nasema ni wanafalsafa. Na kama sarufi ya Kilatini peke yake ilimpotosha Thomas, dawa ni kuipima kwa lugha nyingine, zisizojua jiwe dume wala jiwe jike. Kiha ni mojawapo. Wewe unayemgombeza mwanao akiongea Kiha mezani, unamnyang'anya kipimo hicho kabla hajajua kina kazi gani.

Unabisha? Karibu, ila njoo na hoja. Ukiweza, ilete kwa Kiha.