Fedha Zishuke Hadi Kitongojini: Risala ya Wakulima wa Majimoto

Mheshimiwa mgeni rasmi,



Tumeombwa risala hii iwe fupi na isiwe ya malalamiko. Itakuwa fupi.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kabla ya 1974 mzee wa hapa akiwa na shida ya mkoa alitazama Tabora. Baadaye tukawa watu wa Rukwa, na tangu 2012 tuna Mkoa wetu wa Katavi na makao makuu yako Mpanda. Daraja la Kavuu limetufungulia njia ya Inyonga. Kwa hayo tunashukuru, na hatuyasemi kwa adabu tu.

Mheshimiwa, sisi Wapimbwe ni wachache hata hapa katika nchi yetu ya asili, inayobeba jina letu. Kaskazini kuna Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998. Humo wazee wetu waliwinda, walivua na kurina asali. Leo mjukuu akikutwa humo na shoka ni jangili. Miaka hiyo hiyo ya sabini Operesheni Vijiji ikatukusanya kandokando ya barabara. Kisha wakaja ndugu zetu Wasukuma na ng'ombe na majembe ya kukokotwa. Hatuna ugomvi nao: tumeoana, tunazikana, na mpunga wa bonde hili ni jasho lao kama lilivyo letu. Ila watu wameongezeka, mifugo imeongezeka, na ardhi ni ile ile iliyobaki.

Sensa ya mwisho kuuliza kabila nchini ilikuwa ya 1967. Tunauunga mkono uamuzi wa kuacha swali hilo, na hatujaja kumwombea Mpimbwe fungu lake peke yake. Tunachosema ni kwamba mtu asipohesabiwa kwa kabila, basi ahesabiwe kwa mahali anapolala. Takwimu za mkoa na za wilaya zinamchanganya mwenye duka la mjini na mama anayepalilia jaruba la kukodi, kisha mpango unaandikwa kwa ajili ya mtu wa katikati ambaye hapa hatumjui.

Wenzetu India walilipitia hili. Mwaka 2005 Waziri Mkuu Manmohan Singh aliunda kamati chini ya jaji mstaafu Rajinder Sachar kuchunguza hali ya Waislamu, ambao ni wachache katika nchi ile. Taarifa ilitoka mwaka 2006, ikaonyesha walivyoachwa nyuma katika elimu, ajira na mikopo. Serikali ikachagua wilaya 90 zenye jamii za wachache, ikazipelekea fedha za shule, zahanati na nyumba. Fedha zilifika wilayani, lakini lawama zikawa kwamba mara nyingi majengo yaliota mbali na mitaa ya waliokusudiwa. Mwaka 2013 kipimo cha mpango kikashushwa kutoka wilaya hadi maeneo madogo zaidi. Kosa lililogunduliwa kule ndilo tunaloliogopa hapa.

Kwetu utaratibu wa wananchi kupanga maendeleo yao upo, na kwenye karatasi ni mzuri. Unaitwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Wananchi wanakaa chini ya mti, karatasi kubwa zinabandikwa, kina mama wanabishana na vijana hadi jua linageuka, mwisho vipaumbele vinapangwa: maji, zahanati, barabara ya kwenda mashambani. Karatasi zinakunjwa na kupanda juu. Kinachorudi ni neno moja, ukomo wa bajeti. Mwaka unaofuata karatasi mpya zinabandikwa, orodha ni ile ile, na safari hii vijana hawaji. Maji yetu ya moto wageni huyapiga picha. Sisi tunaomba ya kunywa.

Usiku wa mavuno, Mheshimiwa, mkulima hulala shambani na debe na tochi. Kiboko akiingia kwenye mpunga halii wala havunji kitu, unamsikia anatafuna tu. Kanuni za 2011 za kifuta machozi kwa walioathiriwa na wanyamapori zilianzia shilingi 25,000 kwa ekari, na kwa mtu aliyeuawa zilitaja shilingi milioni moja. Wakati tathmini inasubiriwa, aliyekopa mbegu anadaiwa. Na mpunga uliosalimika unasubiriwa na mnunuzi mwenye gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo, ambalo sheria imelikataza na kila mtu hapa analiona.

Kwa hiyo tunaomba, na mengine tunadai kwa kuwa ni ya kisheria. Bajeti ya maendeleo isomwe kwetu kitongoji kwa kitongoji: kiasi gani, cha nini, wapi. Mkutano mkuu wa kijiji ukae kila miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe, si kubandikwa siku ya ukaguzi. Mpango wa matumizi bora ya ardhi ukamilishwe pamoja na wafugaji, si dhidi yao, na hati za haki miliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 zitolewe hata kwa wajane, ambao ndio wa kwanza kunyang'anywa. Mizani iwekwe sokoni kabla ya mavuno. Tathmini ya uharibifu wa wanyamapori ifanyike mazao yakiwa bado shambani, maana aliyevuna masalia hana tena cha kumwonyesha mtathmini.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyosimamishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata, nayo ifike huku kabla ya msimu wa kulima. Hela ya mbegu ikija baada ya mvua inaliwa tu.

Hatuombi ahadi leo, Mheshimiwa. Tunaomba majibu ya maandishi, hoja kwa hoja, hata yale ya kukataa, yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji ndani ya siku 90.